Maji na Damu: Historia ya Urithi katika Maradhi ya Matumbo

Katika kila nyumba iliyopata kuingiwa na kipindupindu hubaki swali moja mlangoni baada ya msiba kwisha. Watu wa nyumba hiyo walikunywa maji ya mtungi mmoja, wakala katika sinia moja, wakalala chini ya dari moja. Mmoja wao alianza kuhara asubuhi, na kabla ya jua kuchwa alikuwa maiti. Wa pili aliugua siku mbili akapona. Wa tatu hakuumwa hata kichwa. Adui alikuwa mmoja na siku ilikuwa moja. Kwa nini basi hukumu zilikuwa tatu?

Swali hili ni kongwe kuliko elimu ya utabibu tuliyo nayo, na majibu yake katika historia yamekuwa matatu. Jibu la kwanza lilisema majaliwa. La pili lilisema maji. La tatu, ambalo ni changa kuliko yote, lasema damu, yaani urithi ambao mtu huzaliwa nao. Kusudi la insha hii ni kufuata safari ya jibu la tatu: lilivyozaliwa, mahali lilipothibitika, na mahali linapotaka kutazamwa kwa hadhari. Nimechagua maradhi ya matumbo kwa sababu hapana sehemu ya mwili ambamo dunia ya nje hukutana na mwanadamu kwa karibu zaidi. Kila tonge na kila funda ni mgeni aingiaye ndani ya nyumba yetu, na utumbo ndio bawabu. Bawabu akisinzia, adui hupita. Bawabu akishikwa na wazimu, huwapiga wenyeji wake mwenyewe. Maradhi ya kuambukiza ni msiba wa namna ya kwanza, na maradhi ya uvimbe wa matumbo ni msiba wa namna ya pili. Tutaona kwamba misiba hii miwili ina ujamaa.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana haki ya kuuliza swali hili, maana wamelilipia. Kipindupindu kilichotoka Bengali mwaka 1817 kilifika Maskati mwaka 1821, na katika wimbi hilo la kwanza kilifika pia Unguja. Kilirudi katika miaka ya 1836 na 1837. Kilirudi tena katika miaka ya 1858 na 1859, ndipo Richard Burton, akirejea kutoka safari yake ya maziwa makuu, alipofika Kilwa akaukuta mji umo katika maombolezo. Kilirudi mara ya nne katika miaka ya 1869 na 1870. Merikebu zilizoletwa na pepo za kaskazi, zikiwa na tende, mazulia na samaki mkavu, zilikuwa njia nyepesi ya abiria huyu asiyelipa nauli. Walakini mara ya nne hakuja kwa bahari. Tabibu mmoja wa Uskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati huo, alihoji wasafiri wa misafara na wazee wa mji, akafuatilia njia ya maradhi kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai mpaka Pangani, na kutoka Pangani mpaka Unguja. Kitabu chake juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki kilichapishwa mwaka 1876. Ni moja katika hazina za historia yetu, ingawa wasomaji wake miongoni mwetu ni wachache.

Wenyeji waliyaita maradhi hayo kipindupindu, na wengine waliyaita waba. Kwa swali la kwa nini huyu afe na yule apone, walisema kuwa ajali haina kinga. Jibu hilo lina heshima yake. Liliwapa wafiwa subira, na mara nyingi liliwazuia wasimtafute mchawi katika nyumba ya jirani. Lakini halikuweza kumwambia mtu achimbe kisima chake mbali na choo.

Jibu la pili lilipatikana Ulaya, na lilipatikana kwa mateso. Mwaka 1854 John Snow alionyesha kuwa wafu wengi wa mtaa wa Soho, katika London, walikunywa maji ya bomba moja la Broad Street. Mwaka ule ule Filippo Pacini, huko Firenze katika Italia, aliviona kwa hadubini vijidudu vyenyewe katika matumbo ya maiti, lakini watu hawakumsikiliza. Robert Koch alivitambua upya katika Misri na Kalkuta katika miaka ya 1883 na 1884, na safari hii dunia ilisikia. Ushahidi wa kukata maneno ulikuja mwaka 1892 katika mji wa Hamburg, ambako watu zaidi ya 8,000 walikufa. Mji wa Altona ulikuwa umepakana na Hamburg hata mgeni asingetambua mpaka ulipo, na miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Tofauti ni kuwa Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haikuchuja. Mauti yalitembea upande mmoja wa njia, yakauacha upande wa pili. Katika Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kwa mabomba. Na kazi hiyo, kwa maoni yangu, yafaa kuhesabiwa juu ya majumba yake yote ya fahari.

Baada ya Altona ilionekana kuwa swali limekwisha. Maji machafu huua, maji safi huokoa. Liko wapi tena fumbo? Lakini katika mwaka ule ule wa 1892, mzee wa miaka 73 alilifufua swali kwa kitendo cha ajabu. Max von Pettenkofer, mwalimu mkuu wa elimu ya afya katika mji wa München, hakukubali kuwa kijidudu cha Koch peke yake chatosha kuleta maradhi. Alisema kuwa sharti yakutane mambo matatu: kijidudu, hali ya mahali na majira, na tayari ya mwili wa mtu mwenyewe. Ili kuthibitisha neno lake, tarehe 7 Oktoba alikunywa mbele ya mashahidi mchuzi uliojaa vijidudu hai vya kipindupindu. Aliharisha kidogo, akapona. Mwanafunzi wake, Rudolf Emmerich, aliyekunywa siku chache baadaye, aliugua zaidi, lakini naye hakufa.

Historia imemcheka Pettenkofer, na kwa habari ya maji alistahili kuchekwa. Ushupavu wake ulichelewesha kazi ambayo ingaliokoa maisha ya watu. Lakini mcheka huyo asiharakishe. Mzee alikosea katika mawili akapata katika moja. Wanywaji walikuwa wawili, kinywaji kilikuwa kimoja, na ugonjwa haukuwa sawa. Ile tayari ya mwili aliyoitaja bila kuweza kuieleza ndiyo mbegu ya jibu la tatu. Pettenkofer alijiua mwaka 1901. Katika mwaka huo huo Karl Landsteiner wa Vienna alichapisha habari ya makundi ya damu, akawapa wataalamu alama ya kwanza ya urithi iliyoweza kupimwa katika tone moja la damu ya mtu yeyote. Mwenye swali aliondoka duniani katika mwaka ambao ufunguo uliletwa.

Ufunguo huo haukujaribiwa upesi katika kufuli la maradhi. Kwa muda wa nusu karne makundi ya damu yalitumika katika kuongeza damu, na kwa bahati mbaya yalitumika pia na watu waliotaka kuyapanga mataifa kwa daraja. Fikra kwamba maradhi yenyewe huchagua damu ipi iendelee na damu ipi ipungue ilipata nguvu katika mwaka 1949, kwa maneno ya J. B. S. Haldane, na uthibitisho wake mkubwa wa kwanza ulitoka katika ardhi yetu. Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, aliona katika safari yake ya mwaka 1949 kwamba chembe za damu zenye umbo la mundu zilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, na chache kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kuwa mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria, ilhali aliyerithi kwa wazazi wote wawili huingia katika ugonjwa mzito. Hivyo ilijulikana kwamba urithi waweza kuwa ngao katika mkono mmoja na upanga katika mkono wa pili. Somo hilo la malaria ndilo lililowafundisha wataalamu namna ya kuyatazama matumbo.

Turudi sasa katika kipindupindu. Mwaka 1977 Barua na Paguio walichapisha uchunguzi kutoka Ufilipino ulioonyesha kuwa watu wa kundi la damu O walikuwa wengi mno miongoni mwa wagonjwa wa kipindupindu. Jambo hilo lilipochunguzwa huko Matlab, katika Bangladeshi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1985 yalilifafanua vizuri zaidi: wenye kundi O hawakuwazidi wenzao kwa kuambukizwa, bali waliwazidi kwa ukali wa ugonjwa. Kijidudu hubisha hodi kwa wote, ila katika nyumba ya O huvunja zaidi. Wataalamu waliongeza neno lenye uzito: katika bonde la mto Ganges, nyumbani mwa kipindupindu tangu zamani, kundi O ni dogo kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Yamkini kipindupindu kimekuwa kikilipunguza kundi hilo huko, kizazi baada ya kizazi. Kwa upande mwingine, kundi O ndilo kubwa kupita kiasi katika Amerika ya Kusini. Na kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991, baada ya kutoonekana huko kwa takriban karne nzima, kiliwapata watu zaidi ya 300,000 katika mwaka huo mmoja. Lakini msomaji asikimbilie kusema kuwa kundi O ni bahati mbaya. Kundi hilo hilo humpunguzia mtu hatari ya malaria kali, na hivyo katika nchi za mbu lina kazi njema. Damu haina wema wala ubaya wake peke yake. Huwa njema au mbaya kwa kadiri ya adui aliye mlangoni.

Ili kuona jinsi urithi uwezavyo kuingia katika jambo hili, yatupasa tujue kwanza namna kipindupindu kinavyoua. Mwaka 1959 Sambhu Nath De, mtaalamu wa Kalkuta, alionyesha kuwa kijidudu hiki hakiuli kwa kuutafuna utumbo, bali kwa kutoa sumu. Sumu hiyo hushika chembe za ukuta wa utumbo na kuziamuru zifungue milango ya chumvi. Chumvi ikitoka maji huifuata, na mgonjwa humwagika kama mtungi uliotoboka. Mwaka 1989 wataalamu wa Kanada na Marekani waliivumbua jeni iitwayo CFTR, ambayo ndiyo hutengeneza mlango mmoja mkubwa wa chumvi hiyo. Ilivumbuliwa kwa ajili ya kutafuta asili ya maradhi mengine, saistiki faibrosisi, ambayo huwafanya watoto, wengi wao wenye asili ya Ulaya, wawe na ute mzito katika mapafu na jasho lenye chumvi nyingi. Mtoto hupata maradhi haya akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Watu wakauliza: jeni iuayo watoto namna hii imebakije nyingi hivyo katika Ulaya? Je, yule aliyerithi kwa mzazi mmoja, ambaye milango yake ya chumvi ni michache, hakupata ngao dhidi ya kipindupindu, kama wenye selimundu walivyopata ngao dhidi ya malaria?

Mwaka 1994 panya wenye jeni moja mbovu walijaribiwa kwa sumu ya kipindupindu, wakatoa nusu tu ya maji yaliyotolewa na panya wengine. Hadithi ilikuwa tamu, na wengi waliipokea kana kwamba imekwisha thibiti. Hapa ndipo mwanahistoria anapoinua kidole. Kipindupindu hakikujulikana Ulaya kwa maambukizo makubwa kabla ya karne ya kumi na tisa, na jeni ile mbovu ina umri wa maelfu ya miaka. Mlinzi hawezi kuajiriwa kwa ajili ya mwizi ambaye hajafika. Uchunguzi mwingine wa panya haukupata matokeo yale yale. Mwaka 1998 wengine walisema kuwa huenda adui wa kweli alikuwa homa ya matumbo, kwa kuwa kijidudu chake huutumia mlango huo huo kuingilia katika chembe za utumbo. Neno hilo lina nguvu zaidi kwa habari ya tarehe, lakini nalo limebaki katika daraja ya dhana. Nimekitaja kisa hiki kirefu kwa makusudi, ili mwanafunzi aone kuwa elimu ya urithi ina ngano zake pia, na kwamba dawa ya ngano ni kalenda.

Jibu lililo imara zaidi juu ya kipindupindu lilikuja mwaka 2013, kutoka Bengali yenyewe. Wataalamu wa Marekani na Bangladeshi walisoma urithi wa jamaa za watu wa Dhaka, wakitafuta sehemu ambazo zimebadilika kwa haraka kuliko ilivyotazamiwa, kana kwamba kuna mkono uliozisukuma. Walipata sehemu 305. Miongoni mwake zilizidi zile zihusikazo na njia za chumvi katika utumbo, na zile zihusikazo na kinga ya kwanza ya mwili, yaani walinzi ambao hupiga mbiu ya uvimbe adui anapoonekana. Katika sehemu hizo, kipindupindu kimeandika tarehe yake ndani ya miili ya watu kama vile mafuriko yaandikavyo alama ukutani.

Hiyo mbiu ya uvimbe yatuleta katika jamaa ya pili ya maradhi. Mwaka 1859, wakati Kilwa ilipokuwa ikizika watu wake, Samuel Wilks wa London aliandika habari ya mgonjwa aliyekufa kwa vidonda vya utumbo mpana ambavyo havikufanana na vidonda vya kuhara damu kwa kawaida. Mwaka 1913 Kennedy Dalziel, mpasuaji wa Glasgow, alieleza habari ya wagonjwa ambao kuta za matumbo yao zilivimba na kukakamaa, akayafananisha maradhi hayo na ugonjwa fulani wa matumbo ya ng'ombe uletwao na bakteria aliye ndugu wa yule wa kifua kikuu. Mwaka 1932 Burrill Crohn na wenzake, Ginzburg na Oppenheimer, walieleza wagonjwa 14 katika New York, na maradhi yakapewa jina la Crohn. Katika maradhi haya yote mawili, la vidonda na la Crohn, hapakuonekana kijidudu cha kukamatwa. Utumbo hujipiga wenyewe, mwaka nenda mwaka rudi. Mgonjwa hukonda, huvuja damu, huona haya kusema, na aghalabu huanza kuugua akiwa kijana.

Kwamba maradhi haya hufuata ukoo lilionekana mapema, lakini ukoo hugawa vyungu na desturi pamoja na damu. Mapacha ndio waliotenganisha mambo hayo. Katika uchunguzi wa Uswidi uliotangazwa mwaka 1988, katika jozi 18 za mapacha wa kufanana ambao angalau mmoja alikuwa na maradhi ya Crohn, jozi 8 waliugua wote wawili. Katika maradhi ya vidonda vya utumbo mpana ilikuwa jozi 1 kati ya 16. Tutazame hesabu hizo kwa macho mawili. Jicho la kwanza laona kuwa urithi una nguvu, hasa katika maradhi ya Crohn. Jicho la pili laona kuwa jozi 10 katika 18 walikuwa na urithi mmoja kabisa, na bado mmoja aliugua na mwenzake hakuugua. Atakayetumia jicho moja tu atakuwa chongo katika elimu hii.

Mwaka 2001 makundi mawili ya wataalamu, moja la Ufaransa na moja la Marekani, yalitangaza pamoja kuwa jeni iitwayo NOD2, iliyo katika kromosomu ya 16, huongeza hatari ya maradhi ya Crohn inapokuwa na kasoro fulani. Mtu aliyerithi kasoro hizo kwa wazazi wote wawili ana hatari kubwa mara nyingi kuliko asiyenazo, ingawa wengi wa watu hao hawaugui kamwe. Jambo la kushangaza ni kazi ya jeni hiyo. NOD2 ni mlinzi akaaye ndani ya chembe, naye hutambua vipande vya kuta za bakteria. Mtu angetazamia kuwa vita vya utumbo huletwa na mlinzi mkali kupita kiasi. Kumbe kasoro zile humfanya kiziwi. Yaelekea kuwa asiposikia hatua ndogo za adui mapema, vita huja baadaye, vikubwa na bila mpango. Mwaka 2009 wataalamu wa China walikuta tofauti za jeni hiyo hiyo kwa wagonjwa wa ukoma. Na mwaka 2012, baada ya kupimwa watu wapatao 75,000, zilihesabiwa sehemu 163 za urithi zihusikazo na maradhi ya uvimbe wa matumbo, na nyingi kati yake ziliingiliana na zile zihusikazo na maambukizo ya bakteria wa jamaa ya ukoma na kifua kikuu. Dalziel aliyemtaja ng'ombe mwaka 1913 hakuwa ameota ndoto tupu: hata kama maradhi si mamoja, walinzi wanaohusika ni wa ukoo mmoja.

Ujamaa huu waonekana wazi zaidi katika jeni iitwayo FUT2. Jeni hii huweka sukari za makundi ya damu katika mate na katika ute wa matumbo. Kama mtu 1 katika 5, Ulaya na katika sehemu nyingi za Afrika, hurithi jeni hii ikiwa imezimika. Mwaka 1968 ugonjwa wa kutapika na kuhara uliingia shule moja katika mji wa Norwalk, Ohio, na virusi vyake vikaonekana kwa hadubini mwaka 1972. Mwaka 2003 ilitangazwa kuwa watu waliojitolea kunywa virusi hivyo hawakuambukizwa iwapo FUT2 yao ilikuwa imezimika. Kwa kuwa virusi hushika sukari zile, na pasipo sukari hapana mahali pa kushika. Basi twende tumpongeze mtu huyo? Tungoje kidogo. Mwaka 2010 ilionekana kuwa kuzimika kule kule huongeza hatari ya maradhi ya Crohn. Mlango uliofungwa kwa mwizi umefungwa pia kwa wageni wema, yaani bakteria wa utumbo waliozoea kula sukari hizo. Urithi haumpi mtu kitu kwa mkono wa kuume bila kumdai kwa mkono wa kushoto.

Nimefika mahali ambapo historia hii yatudai hukumu, wala si habari tu. Jibu la damu lina hatari mbili, na zote mbili zimekwisha kuleta madhara.

Hatari ya kwanza ni kuchanganya urithi na kabila. Katika karne ya kumi na tisa waganga wengi wa Ulaya waliona ni rahisi kusema kuwa taifa fulani huugua kwa sababu ya asili yake, kuliko kuchungulia ndani ya kisima chake. Katika karne ya ishirini ilisemwa kuwa maradhi ya Crohn ni ya watu weupe. Kweli, zile kasoro tatu mashuhuri za NOD2 hazikuonekana kwa Wajapani, na kwa Waafrika ni adimu mno. Lakini maradhi yenyewe yamekuwa yakiongezeka katika Asia, Afrika na Amerika ya Kusini tangu mwisho wa karne iliyopita, na urithi wa mataifa haubadiliki kwa miaka thelathini. Kilichobadilika ni chakula, makazi na desturi. Kosa hili lina mgonjwa wake, wala si la karatasi tu. Maradhi ya Crohn na kifua kikuu cha matumbo hufanana hata macho ya mjuzi huweza kudanganyika, na dawa ya mmoja yaweza kumdhuru mwenye maradhi ya pili. Tabibu aliyefundishwa kuwa Mwafrika hapati maradhi ya Crohn amefungwa jicho kabla ya kuingia wodini.

Tiba ya hatari hii ni kuusoma urithi wa watu wote. Kazi imeanza. Mwaka 2018 ilitangazwa, kutokana na damu ya watoto wa Kenya na Malawi, kuwa tofauti katika jeni iitwayo STAT4 hubadili hatari ya mtoto kuingiwa damuni na bakteria wa salmonela, ambao hutoka katika matumbo na kuua watoto wengi wa Afrika. Tofauti hiyo ilipatikana kwa sababu walioulizwa ni Waafrika. Hesabu za Ulaya peke yake zisingalijibu swali la Kilifi.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ni kulifanya jibu la damu kuwa majaliwa mapya, yenye mavazi ya maabara. Mtawala mvivu aweza kusema: hawa wamezaliwa dhaifu, mabomba yatawafaa nini? Historia inamjibu. Katika Hamburg na Altona damu ilikuwa moja, na maji ndiyo yaliyohukumu. Na mwaka 1968, katika Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kuwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari kwa kipimo, yakinywewa, huweza kumrudishia mgonjwa wa kipindupindu karibu yote aliyoyapoteza. Maradhi ambayo bila ya tiba huweza kuua hata nusu ya wagonjwa mahututi, yakitibiwa vizuri huua pungufu ya mtu 1 katika 100. Kikombe hicho hakimwulizi mtu kundi la damu yake. Kipindupindu kilichorudi Afrika mwaka 1970, na kilichoingia Tanzania tena mwaka 2015 na kuvuka mpaka Unguja, hakikuwatafuta wenye kundi O. Kilitafuta mtaa usio na maji safi, na baada ya kuingia humo ndipo kilipoanza kubagua.

Kwa hiyo majibu matatu ya swali letu yana mpangilio wake. Maji huamua nani atakayebishiwa hodi. Damu husaidia kuamua nani atakayeumia zaidi hodi hiyo ikipigwa. Na majaliwa? Naona ni neno la unyenyekevu tunalolihifadhi kwa zile jozi 10 za mapacha ambao urithi wao ni mmoja na mwisho wao mbalimbali. Ni neno la kumfariji mfiwa, lisitumiwe na mwenye wajibu kukwepea wajibu wake.

Yule mtu wa tatu wa nyumba yetu, ambaye hakuumwa hata kichwa, yamkini alilindwa na kitu alichopewa na bibi yake bila ya bibi mwenyewe kujua. Ni haki ashukuru. Lakini wale wawili wa mtungi ule ule walikuwa na haki ya kulindwa na kitu kisichohitaji kurithiwa. Damu hatuwezi kuichagua. Kisima twaweza kukichimba mahali pengine.